Kambi ya vakansi: mjue shefu kwanza

Swali: Jambo. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa Katuba, Lubumbashi. Kijana wangu wa tatu ana miaka 11 na anataka kwenda kambi vakansi hii. Hajawahi kulala nje ya nyumba yetu. Kuna njia mbili. Kundi la Kiro (chama cha vijana wa Kikatoliki) la parokia linapeleka watoto siku sita upande wa Kafubu, wanalala katika madarasa ya shule. Halafu kuna kampuni inayotangaza "kambi ya wajasiri" ya siku nne kwenye maporomoko ya Lofoi: mahema, kamba ya kuteleza juu ya bonde, kuoga chini ya maporomoko. Bei yake ni karibu mara tatu. Papa yake anapenda hii ya pili, anasema mtoto wa kiume lazima akomae. Mimi naogopa maji, kwa sababu kijana hajui kuogelea, tena ana pumu kidogo. Tuchague ipi, na nitajuaje kama watu hawa wanaijua kazi yao?

Jibu: Jambo Mama. Mwaka huu ningempeleka Kafubu, kwa masharti nitakayoyataja, na Lofoi ningeiacha ingoje mpaka afike miaka 14 hivi na awe ameshajua kuogelea. Lakini usiishie hapo, maana Kafubu yenye viongozi wazembe ni hatari kuliko Lofoi yenye viongozi makini. Kazi yangu ni kufundisha vijana wanaoongoza kambi za watoto huku kwetu Katanga, na kila vakansi ikikaribia wazazi wananiuliza juu ya mahali: kuna nini kule, ni mbali gani, picha ziko wapi. Wachache sana wanauliza juu ya yule mtu atakayeamka saa nane za usiku mtoto akianza kukohoa. Huyo ndiye unayemlipa.

Basi nenda ukaonane na shefu wa kambi mwenyewe. Si yule anayepokea pesa, wala padri anayetoa baraka siku ya kuondoka, bali yule atakayelala kule. Muulize hivi: "Mwaka jana mlipanga jambo gani mkaliacha?" Shefu anayejua kazi atakujibu bila kufikiri sana. Upepo ulikuwa mkali tukaacha moto wa usiku. Mtoto mmoja alikuwa na homa tukafuta matembezi. Basi lilichelewa, tukakataa kusafiri usiku, tukalala palepale. Akikuambia kwamba hawajawahi kufuta kitu wala kupata tatizo lolote, shukuru na uondoke. Kambi yoyote ya watoto ina matatizo. Asiyeyakumbuka ama hakuyaona ama anakuficha.

Muulize pia idadi, na usikubali jibu la "tuko wengi". Ufaransa, ambako mengi ya mambo yetu ya koloni za vakansi, yaani kambi hizi za watoto, yalitoka, sheria inataka kiongozi mmoja kwa watoto 12 wenye miaka sita na zaidi wakati wa vakansi. Marekani, chama kinachosimamia viwango vya kambi kinapendekeza kiongozi mmoja kwa watoto wanane wenye umri wa miaka 9 hadi 14 kambini wanakolala. Huku kwetu hatufiki huko kila mara, nakubali, lakini ukisikia watoto 60 na viongozi wanne, huo si umaskini tena, ni uzembe. Na usihesabu mpishi, dereva na mlinzi. Wahesabu wale ambao kazi yao ni watoto tu, na uulize miaka yao. Kijana wa miaka 16 ni msaidizi mzuri sana, lakini si kiongozi.

Sasa maji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na Afrika ndiyo yenye kiwango cha juu kuliko kanda zote. Kinachowadanganya wengi ni kungoja kelele. Mtoto anayezama hapigi kelele. Mdomo uko usawa wa maji, nguvu yote inatafuta hewa, mikono inakandamiza maji kwa pembeni kama anayetaka kupanda juu ya kitu, na kabla ya dakika kwisha ameshakwenda chini. Kiongozi aliyekaa kivulini na simu mkononi hataona kitu, hata akiwa hatua kumi tu kutoka hapo.

Kambi inayojua kazi yake huogesha watoto mtoni hivi. Kabla mtoto yeyote hajavua viatu, kiongozi mmoja ameingia na fimbo ndefu, anapima kina hatua kwa hatua, na kamba imefungwa kutoka mti huu mpaka ule kuonyesha mwisho wa ruhusa. Wasiojua kuogelea wana kitambaa cha rangi mkononi na wanabaki mahali maji yanapofika magotini. Watoto wanaingia wawili wawili, kila mmoja anamjua mwenzake. Kiongozi mmoja yuko ndani ya maji, upande ule mkondo unakoelekea. Mwingine amesimama ukingoni, hana kazi nyingine, hata kuzungumza hazungumzi. Kila baada ya dakika chache filimbi inalia: kila jozi inashikana mikono na kuiinua juu, na wa ukingoni anahesabu kwa sauti. Hesabu isipotimia, wote wanatoka. Watoto wanaichukia filimbi hiyo kwa sababu inakatiza mchezo, na wanailalamikia hata nyumbani. Ukisikia lalamiko hilo kutoka kwa mtoto wa jirani aliyekwenda mwaka jana, umepata habari njema.

Idadi ya majini ni tofauti na ile ya nchi kavu. Wafaransa hao hao, mtoto akiwa majini, wanataka kiongozi mmoja aliye ndani ya maji kwa kila watoto wanane wa miaka sita na kuendelea. Kwa hiyo kundi la watoto 24 lenye viongozi watatu haliwezi kuoga lote kwa wakati mmoja, maana na ukingo nao unahitaji macho. Wanaoga kwa zamu. Waulize wa Kiro kama wanafanya zamu.

Kwa upande wa Kafubu kuna jambo jingine ambalo ningelisema hata kama kijana wako angekuwa anaogelea kama samaki. Mto Kafubu unapokea maji ya mto Lubumbashi, ambao umepita katikati ya mji na kubeba taka za watu na za viwanda vya shaba. Sitaki watoto waoge humo wala wapikie maji yake, na kuyachemsha hakusaidii: moto unaua vijidudu, hauondoi madini. Waulize wanachota wapi maji ya kunywa. Jibu zuri ni kisima cha misheni au bidoni zinazotoka mjini, na dawa ya klorini juu yake, kwa sababu kipindupindu katika nchi yetu hakijaisha. Na kama watakuambia kwamba mwaka huu hawaogi mtoni kabisa, wanaoga kwa ndoo, hiyo kwako ni sababu ya kuandikisha jina.

Nimesikia pia makundi yanayopenda kwenda Kapolowe, kando ya ziwa Tshangalele, kwa ajili ya samaki na upepo. Pazuri sana kutazama. Lakini ziwa hilo linajazwa na mto Lufira, na Lufira inapokea mto Panda unaotoka kwenye viwanda vya Likasi. Tena maji yaliyotulia yenye majani kando kando ndiyo makao ya konokono wanaobeba kichocho. Kijidudu chake kinapenya hata ngozi isiyo na kidonda, na kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Mtoto acheze mpira ufukoni, inatosha.

Turudi Lofoi. Maporomoko yale ni fahari ya mbuga ya Kundelungu: maji yanaanguka zaidi ya mita 300. Nami nataka kila mtoto wa Katanga ayaone siku moja. Ila fikiria hali ilivyo. Ni safari ya siku nzima kwa barabara ya vumbi, na simu huko hupati. Hospitali iko mbali kiasi kwamba mkono uliovunjika asubuhi unaweza kutibiwa kesho yake. Mahali pa namna hiyo panadai viongozi wenye ujuzi wa huduma ya kwanza kweli kweli, gari linalobaki kambini usiku na mchana, na ruhusa ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia mbuga za taifa, kwa sababu mmeingia ndani ya mbuga ya taifa. Iombe uione karatasi hiyo. Kampuni iliyojipanga haitakasirika.

Halafu ile kamba ya kuteleza. Sina ugomvi nayo, watoto wanaipenda na hatari yake inaweza kudhibitiwa kuliko ya mto. Lakini omba uonyeshwe vifaa mjini, kabla ya kulipa. Kofia ngumu ziwe za saizi ya mtoto, zisizozunguka kichwani akitikisa. Mkanda wa kiunoni na mapajani uwe mmoja ulioshonwa, si kamba iliyofungwa mafundo siku ile. Karabina, zile kulabu za chuma, ziwe na skurubu ya kujifunga, na kiongozi azikague kwa kushika kwa mkono kila mtoto anapopita, wala asiridhike na kutazama tu. Ukiona kamba ya plastiki ya buluu au ya kijani, ile wanayofungia mizigo juu ya malori sokoni, toka. Kamba hiyo haikutengenezwa kubeba mtu, na ikisuguana sana inayeyuka. Uliza pia mtoto anasimamaje mwisho wa mteremko. Wasipokuwa na jibu zaidi ya "kuna mtu anamdaka", basi.

Jambo ambalo matangazo ya kambi husahau daima ni baridi. Mengi yamenakiliwa kutoka Ulaya, ambako Julai ni joto, ndiyo maana unaona orodha ya kaptula, kandambili na mafuta ya jua. Kwetu Julai ndiyo katikati ya baridi. Lubumbashi iko kwenye mita zipatazo 1,200, usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na juu ya uwanda wa Kundelungu ni zaidi. Mtoto anahitaji blanketi mbili, soksi za kulalia peke yake zisizotembelewa mchana, kofia ya sufu, na kitu kizito cha kutandika chini, kwa sababu sakafu ya saruji inanyonya joto la mwili kuliko hewa yenyewe.

Na hapo ndipo penye hatari ninayoiogopa kuliko nyoka: mbabula, yaani jiko la makaa, ndani ya chumba. Watoto wanatetemeka, kiongozi mwenye huruma anachukua mbabula ya jikoni yenye makala yaliyobaki, anaiweka katikati ya darasa, anafunga mlango ili joto lisitoke. Makala yakiwa mekundu bila moshi watu wanadhani yamekuwa salama. Kumbe gesi yake haina harufu, haikohozi mtu, inamlaza usingizi tu na haamki. Muulize shefu: "Usiku wa baridi mnafanyaje?" Akitaja mbabula, hata ya nusu saa, ndani ya darasa au hema, kijana abaki nyumbani. Jibu sahihi ni chai ya moto kabla ya kulala, blanketi, na kulala karibu karibu.

Moto wa pori nao uko. Kuanzia Agosti majani yamekauka, watu wanachoma mashamba na wawindaji wanachoma msitu, na upepo wa mchana unasukuma moto haraka. Kambi ya mahema lazima ifyeke majani kuzunguka eneo lake lote mpaka udongo uonekane, na iwe na njia mbili za kutokea. Madarasa ya shule yana nafuu hapa. Ndiyo sababu mojawapo inayonifanya nipende Kafubu kwa mtoto wa mara ya kwanza, ingawa hakuna atakayepiga picha ya ukuta wa darasa na kuitundika kwenye tangazo.

Kuhusu pumu: isikuzuie, lakini usiifiche. Wapo wazazi wanaoogopa mtoto atakataliwa, hivyo hawasemi, na kiongozi anakuja kujua usiku wa pili. Kambi ina mambo yote yanayoamsha pumu: vumbi la barabarani, majani makavu, hewa ya baridi ya alfajiri, moshi wa kuni, na kukimbia kutwa. Mpe dawa ya kuvuta mbili, moja iwe mfukoni mwake yeye, ya pili kwa shefu, na zote uzijaribu kabla hajaondoka uone kama bado zina dawa ndani. Andika kwenye karatasi, kwa mkono unaosomeka: mara ngapi anavuta, na akiwa katika hali gani apelekwe hospitali bila kungoja. Wote wawili, wewe na shefu, mwe na nakala. Aeleweshwe akae upande ambao moshi hauendi, na asipewe zamu ya kupuliza moto jikoni, hata kama ni kazi inayogombaniwa. Shefu akikujibu "pumu itaisha kwa maombi," mheshimu, muage, tafuta kambi nyingine.

Barabara usiisahau. Malori ya madini yamejaa kwenye njia ya Likasi, na watoto wanaobebwa wamesimama nyuma ya lori wakiimba wanapendeza mpaka dereva anapokanyaga breki. Basi lenye viti, mchana, hilo halina majadiliano.

Jambo moja ambalo wengine tunaona haya kulisema: nani analala na watoto. Wavulana na wasichana vyumba tofauti, viongozi wasiopungua wawili kila upande, na hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, awe nani. Waulize bila kuona haya. Makundi ya zamani kama Kiro na Skauti wanajua swali hili na wana kanuni zake; wakijifanya wametukanwa, umeshapata jibu. Na mwambie kijana mwenyewe kwamba hakuna siri ya mtu mzima ambayo mama asiambiwe.

Papa yake sasa. Namwelewa, na sitaki umshinde kwa hoja ya woga, kwa sababu ana haki katika jambo moja: mtoto anakomaa kwa kupewa kitu kigumu. Ila nadhani kitu hicho kigumu anakitafuta mahali pasipo pake. Baden-Powell alipofanya kambi yake ya kwanza ya majaribio, Agosti 1907 kwenye kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, alichukua wavulana wapatao 20, akawagawa makundi manne, na kila kundi akalikabidhi kwa mvulana mmoja wao. Hapo ndipo Skauti ilipotokea. Kuteleza kwenye kamba ni sekunde 30 za kushikiliwa na vifaa vya mtu mwingine. Lakini ekipe ya watoto sita ikipewa unga, sombe (majani ya muhogo), mafuta kidogo na kuni mbichi, ikaambiwa chakula kiwe tayari saa saba, hiyo ni shughuli. Wa kwanza atalia moshi. Bukari, yaani ugali, ya siku ya kwanza itakuwa na mabonge, nusu mbichi nusu imeungua, na wataila kwa sababu hakuna nyingine. Siku ya nne wanagombana nani anasonga, na ikiliwa wanataka viongozi waionje. Papa akitaka kumpima kijana wake, aulize kama kambi inawapa watoto kazi ya kweli namna hiyo, au viongozi wanafanya yote na watoto wanapanga foleni na sahani. Kambi ya bei ya juu mara nyingi ni ya foleni.

Mpaka siku ya kuondoka mna wiki kadhaa. Mpelekeni akalale usiku mmoja au mbili kwa shangazi au kwa mjomba, bila wewe, bila simu yako. Abebe mfuko wake mwenyewe, aupange mwenyewe, ili ajue tochi iko wapi gizani. Atakapouliza, "Na nikitaka kurudi?" usimwahidi kwamba utakuja kumchukua. Neno hilo linasemwa kwa upendo, lakini mtoto analishika, na usiku wa kwanza anapokumbuka nyumbani hajaribu kuzoea, anangoja gari. Mwambie kwamba kukumbuka nyumbani kunampata karibu kila mtu, kwamba usiku wa kwanza na wa pili ndio mgumu, na kwamba akilemewa amwambie kiongozi fulani, umtaje jina, ambaye mmeshaonana naye nyote wawili. Nawe usipige simu kila jioni. Patana na shefu: kukiwa na tatizo atapiga yeye, kimya maana yake ni salama.

Akirudi, atalala kutwa na atanuka moshi. Homa ikimpata ndani ya mwezi ule, hata kama anasema ni uchovu, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Kiangazi kinapunguza mbu mjini, lakini kando ya mito na mabondeni wapo, na malaria mara nyingi inajitokeza wiki moja hadi mbili baada ya kuumwa na mbu. Na kama aliingia maji yoyote yaliyotulia, kisha baada ya wiki kadhaa ukaona damu kwenye mkojo, au tumbo linamsumbua bila sababu, mwambie daktari jina la maji hayo. Dawa ya kichocho ipo na inatibu vizuri, lakini daktari hataitafuta asipojua mtoto alikwenda wapi.